Mbuzi Sitini na Jodari Mmoja

Ukishuka Minjila leo, pale njia ya Lamu inapoachana na njia ya Garsen, ukamuulizia Hiribae Jatani, utarudishiwa swali: "Hiribae yupi? Yule wa samaki?" Usimkasirikie anayekuuliza kwa niaba ya mwenyewe, maana mwenyewe hakasiriki. Atatoka nje ya boma lake, mrefu, mkavu kama fimbo anayoiegemea, naye atakujibu: "Ndiye mimi. Wa samaki." Kisha atakutazama usoni aone kama una la kuongeza. Wengi huwa hawana.

Ili uelewe kwa nini jina hilo ni tusi, sharti uwajue Waorma wa ukoo wake. Hawa ni watu wa ng'ombe. Samaki kwao ni mdudu wa majini, asiye na kwato wala sauti, na mtu mzima mwenye akili zake hamtii mdudu kinywani. Hiribae alipokuwa mdogo, wakipita Kulesa kupeleka mifugo mtoni na kuwakuta Wapokomo wanakausha kambare juu ya moto, alikuwa akibana pua kwa vidole viwili mpaka wavuke. Na lilikuwapo jambo zito kuliko harufu. Mdomo uliokula samaki haugusi chombo cha maziwa. Ukikigusa, wazee walisema, ng'ombe aliyetoa maziwa yale hukauka. Hakuna aliyewahi kumwona ng'ombe aliyekauka kwa sababu hiyo, lakini pia hakuna aliyethubutu kujaribu, na mambo mengi hapa duniani huishi miaka mingi kwa mtindo huo huo.

Hiribae alikuwa na ng'ombe sabini na wanne. Ukame wa mwaka elfu mbili ishirini na mbili uliwachukua mmoja mmoja, kisha wawili wawili, kisha akaacha kuhesabu. Wa mwisho alikuwa jike mwekundu aliyeanguka karibu na kisima. Hiribae akamwinua kwa mkia mara tatu. Mara ya nne akamwacha, akaketi naye chini mpaka alipokata roho. Alilia. Mwanamume wa miaka arobaini alilia mchana kweupe, na aliyetaka kumcheka alimcheka. Kisha akamchuna yule jike, akasokota ngozi yake ikawa kamba ndefu, nzito, akaivaa begani. Alisema lazima abaki na kitu cha kufungia ng'ombe, ili siku ng'ombe akija asikose kamba.

Mkono mtupu haulambwi, na kinywa kisicho na ng'ombe nyuma yake hakisikilizwi. Mvua ziliporudi, wanaume walikaa kikao cha malisho ya bondeni, Hiribae naye akasimama kutaka kusema. Baba yake mkubwa, mzee Diba, ambaye alikuwa amewahamisha ng'ombe wake mapema na kuwaokoa karibu wote, akainua mkono.

"Keti, mwanangu," akasema. "Haya ni maneno ya wenye kwato. Wewe utalisha nini huko bondeni, kivuli chako?"

Watu wakacheka, kwa kuwa mzee akichekesha ni adabu kucheka. Hiribae akaketi. Lakini kabla makalio hayajagusa chini alikuwa ameshaapa kwamba atasimama tena mbele ya watu wale wale, na nyuma yake atakuwapo ng'ombe. Hakutaka kingine. Wapo waliokwenda Mombasa kulinda mageti, wapo walionunua pikipiki wakabeba abiria Garsen. Yeye alitaka ng'ombe.

Njia ikaja kwa Warsame, mfanyabiashara Msomali wa Garsen mwenye duka la dawa za mifugo na zizi nyuma ya duka. Warsame alikuwa na mteja huko Ngazija, mtu aliyekuwa akiandaa harusi kubwa ya kifahari, na mteja yule aliagiza mbuzi dume sitini, wasipungue. Jahazi lilikuwa limeshapatikana Kipini. Kilichokosekana ni mchungaji wa kukaa nao baharini.

"Nimeshawatuma wawili kabla yako," Warsame akamwambia, akimmiminia chai. "Wa kwanza mbuzi wake tisa walikufa njiani. Wa pili, kumi na moja. Walikufa kwa ugonjwa gani? Mabaharia walishuka wamenenepa. Sasa sikiliza, Hiribae. Mbuzi wakifika sitini, utaingia zizini mwangu uchague mitamba wawili, mimi nimefumba macho. Akipungua mmoja, kwa kufa au kwa kisu, nitakupa nauli ya kurudi na ahsante. Mbuzi mmoja tu."

"Mimi nasikia," Hiribae akajibu. "Sitini itafika."

Mkewe Bishara alimfungia nguo mbili na fimbo. Bishara ni mwanamke wa maneno machache, na machache hayo huyanoa kwanza. "Usinirudie na hadithi," alimwambia. "Nirudie na kwato."

Akawaswaga mbuzi kwa miguu kutoka Garsen mpaka Kipini, siku tatu, hakupotea hata mmoja. Hapo akaiona bahari kwa mara ya kwanza maishani mwake. Aliitazama kwa muda, akasema ni maji mengi kwa kitu kisichonyweka, akaanza kupakia.

Nahodha wa jahazi aliitwa Lali, mzee Mbajuni wa Kipini, mpole, mwenye sauti ya taratibu. Chini yake walikuwapo mabaharia watatu, na mwenye mdomo kati yao alikuwa Gona, Mgiriama mfupi, mcheshi, ambaye tangu siku ya kwanza alimwita Hiribae "Mheshimiwa Mbuzi." Chombo kilikuwa na injini ndogo ya kuingilia bandarini, safari yenyewe ilikuwa ya tanga, upepo ukitoka nyuma, siku saba mpaka Ngazija Mungu akipenda. Zizi lilijengwa katikati kwa fito. Hiribae alilala mlangoni pa zizi, chakula chake alikula papo hapo, na kila alfajiri aliwahesabu kwa kuwagusa vichwa. Wenzake wakipika samaki, yeye alihamia upande unakotoka upepo na ugali wake mkavu, akibana pua.

Asubuhi ya siku ya tatu bahari ilichafuka. Wimbi moja likapiga ubavuni, pipa la dizeli likakatika kamba, likapindukia ndani ya pango la kuwekea chakula. Walipofungua, unga, mchele na maharagwe vilikuwa vinaelea kwenye dizeli. Waliosha mchele mara tano, wakaupika, mbwa asingeula. Maji ya kunywa yalikuwa salama kwenye matangi yake. Kilichobaki cha kula kilikuwa majani ya chai, sukari, na nusu kapu la tende.

Juu ya hayo, upepo ukafa, na dizeli iliyobaki ilitosha kuingilia bandarini tu. Siku tatu tanga lilining'inia kama nguo iliyosahauliwa kambani. Tende zikaisha siku ya pili. Siku ya tatu Lali akaja mlangoni pa zizi, na wenzake wakasimama nyuma yake. Gona alikuwa ameshika kisu, ingawa alikificha nyuma ya mguu.

"Hiribae, mwanangu," nahodha akasema kwa upole, "watu wana ndaa. Tutatinda mbuzi mmoya. Mmoya tu. Warsame ni Mwislamu, ataelewa."

Tusiwaonee. Lali hakuwa mwizi wala Gona hakuwa muuaji. Walikuwa watu wenye njaa mbele ya nyama sitini zinazotembea. Hata sheria ya dini ingewapa ruhusa. Lakini Hiribae hakuona nyama. Aliona mitamba wawili wakiondoka mmoja baada ya mwingine, na mkono wa mzee Diba umeinuliwa: keti, mwanangu. Akasimama, akaishika fimbo kwa mikono miwili.

"Hapana," akasema.

"Mheshimiwa Mbuzi," Gona akadakia, "sisi ni wanne."

"Mimi najua kuhesabu. Nahesabu kila siku." Sauti ikampanda, na Kiswahili chake cha sokoni kikatoka jinsi kilivyotoka. "Nyinyi watu ya bahari! Miaka yote nyinyi nakula samaki, samaki, samaki, mpaka nguo yenu nanuka samaki. Leo nyinyi iko katikati ya bahari, samaki chini, samaki huku, samaki huku, na nyinyi nakuja kwa mbuzi yangu! Hamna haya?"

Kisha mmoja wa mabaharia akacheka, akashindwa kujizuia, na Lali mwenyewe akageuza uso. Gona peke yake ndiye aliyekasirika, kwa sababu mshipi wa kuvulia ulikuwa wake. Tangu chakula kiharibike alikuwa ameuburuta nyuma ya jahazi, na siku ya kwanza samaki mkubwa alikuwa ameondoka na chambo chake cha plastiki. Tangu hapo alikuwa akivuta ndoana iliyofungwa kitambaa, na samaki, inaonekana, hawali matambara.

"Kesho adhuhuri," Lali akakata neno. "Tusipopata kitu, tutatinda."

Hiribae akaketi tena mlangoni pake, akafikiri. Hakujua lolote juu ya samaki, ila alijua kwamba kiumbe mwenye njaa hufuata kitu kinachofanana na chakula chake. Alfajiri akamshika beberu mweupe kuliko wote, akamkata ndevu zote na manyoya ya mkiani, akamwacha anamtazama kwa uchungu. Akachomoa nyuzi nyekundu kwenye pindo la kikoi chake. Akavifunga vyote pamoja juu ya ndoana, vikaning'inia, akavichana kwa vidole mpaka vikawa laini, akampelekea Gona.

"Nini hii?" Gona akauliza. "Unataka nimnyoe samaki?"

"Weka."

Kidogo upepo ulikuwa umeanza kuamka. Tanga likajaa nusu, jahazi likatembea, manyoya ya beberu yakazama na kuanza kucheza majini. Jua likapanda. Gona akaufunga mshipi mkononi, akamtania Hiribae mpaka utani ukamwishia. Yalipita masaa manne. Adhuhuri ilikuwa imebakisha kidogo, na Gona alikuwa ameanza kukitazama kisu chake tena, mshipi ulipoondoka.

Sisemi ulivutika, uliondoka. Ulimkata Gona kiganja kutoka kidole gumba mpaka kifundo, akapiga ukelele, akauachia, na marundo ya mshipi sitahani yakaanza kuruka baharini yenyewe. Lali alikuwa ameshika usukani, wale wawili walikuwa mbele kwenye tanga. Aliyekuwa karibu ni mchunga mbuzi. Akaukanyaga mshipi, ukamtelezea. Akaishika ncha yake iliyobaki, akaifunga kwenye kamba ya ngozi ya yule jike mwekundu, akaizungusha kamba mara mbili kwenye nguzo ya nyuma ya chombo. Kamba ikalia. Ikashika.

"Vuta!" Gona akapiga kelele, damu inamchirizika. "Vuta, atakimbia!"

Hiribae hakuvuta. Tangu akiwa na miaka saba alikuwa akifunga madume yaliyomzidi uzito mara kumi, na jambo la kwanza alilofundishwa ni kwamba dume likikimbia huliwekei nguvu. Unaliachia kamba kidogo kidogo kwenye nguzo, linajichosha kwa mbio zake lenyewe. Likigeuka, unarudisha kamba uliyokuwa umeliachia. Akafanya hivyo hivyo. Samaki akaenda, Hiribae akamwachia. Samaki akageuka, Hiribae akavuta harakaharaka, akazungusha, akangoja. Na muda wote alikuwa akisema naye kwa Kiorma, kwa sauti ile ile ya zizini. Alimwita mkubwa, alimwita mrembo, alimwambia aende tu, dunia ni pana. Mabaharia walidhani jua limemwingia kichwani.

Saa nzima ikapita hivyo. Mikono ikamchubuka, mate yakamkauka. Mara mbili Lali alimwambia ampe mtu mwingine. "Hapana," akajibu mara zote mbili. Huyu hakuwa samaki tena. Huyu alikuwa kitu kilichotaka kumchukulia ng'ombe wake, na vitu vya namna hiyo alikuwa amechoka navyo.

Hatimaye akaonekana ubavuni, amelala upande, mgongo wa buluu, tumbo la fedha, mapezi ya njano: jodari mrefu kama mtu mzima. Mabaharia walitafuta chuma cha kumnasia. Hiribae hakuwangoja. Akachukua ncha nyingine ya kamba ya ngozi, akafanya kitanzi kama cha kumkamatia ndama mguu, akaning'inia nje ya chombo Lali akimkamata kikoi, akakitupa. Cha kwanza kikakosa. Cha pili kikaingia mkiani, kikakaza. Watu wanne wakamvuta mpaka sitahani, akaanguka akipiga mkia, mbuzi wote sitini wakarudi nyuma ya zizi kwa pamoja.

Na hapo ndipo Hiribae alipofanya lile ambalo lingefanywa na Muorma peke yake. Akachomoa kisu chake, akauliza: "Kibla wapi?"

"Kibla cha nini?" Gona akastaajabu.

"Wapi!"

Lali akaonyesha kaskazini. Hiribae akamgeuza jodari akaelekea kibla, akamkanyaga ubavu kwa upole, akasema Bismillahi Allahu Akbar, akampitishia kisu kooni, mkato mmoja safi, kama dume la Idi. Damu ikaruka. Kisha akamtundika kwa mkia juu ya fito za zizi, kichwa chini, mpaka tone la mwisho.

Mabaharia walicheka mpaka wakasahau njaa. Gona alikaa chini, ameshika kiganja chake kilichofungwa kitambaa, machozi yanamtoka. "Kamchinja samaki! Jamani, kamchinja! Nahodha, tumswalie?"

"Mwanangu," Lali akasema, naye anajizuia, "samaki hatindwi. Hata akifa mwenyewe ni halali."

"Kwenu," Hiribae akajibu, akifuta kisu. "Mimi hapana lisha mtu mzoga."

Wakakata, wakachoma, wakala. Hiribae hakula. Alirudi mlangoni pa zizi, akanywa chai ya sukari, akahesabu vichwa: sitini.

Kesho yake kicheko kilikuwa kimepungua. Kila baharia wa pwani anajua jodari mkubwa kwenye jua lile hakawii. Damu humchemka ndani, na akilala kutwa ukimla midomo huwasha, uso huvimba, mtu akatapika siku nzima. Lali alikuwa tayari kuwatupia papa zaidi ya nusu. Akaikata ile nyama, akainusa, akaionja, akainusa tena. Ilikuwa tamu kama jana. Damu yote ilikuwa imeshatoka kwa kisu cha yule mjinga. Na Hiribae, bila kuulizwa, alikuwa ameikata iliyobaki vipande virefu vyembamba kama anavyokata nyama ya ng'ombe nyumbani, akaichovya maji ya chumvi, akaianika juu ya kamba za zizi. Lali alimtazama Gona, na tangu asubuhi hiyo hakuna aliyesikia tena "Mheshimiwa Mbuzi."

Lakini Hiribae mwenyewe alikuwa hajala siku ya tatu sasa. Upepo ulikuja kwa vipande, Ngazija ilikuwa bado mbali, na mbuzi mmoja mweusi alikuwa ameanza kulegea. Mbuzi wa namna hiyo lazima asimamishwe, apakatwe, anyweshwe kwa mkono. Hiribae alipomwinua, magoti yake mwenyewe yakakunjika, wakaanguka wote wawili. Akabaki chini, mbuzi kifuani, akitazama vipande vya jodari vikitikisika juu yake.

Lali akaja akachuchumaa karibu yake. "Kula, mwanangu. Hapa hapana Muorma wa kukuona. Sisi ni vinywa vinne, vyote tutavifunga. La baharini litabaki baharini."

Hiribae akainuka akaketi. "Mimi hapana mwizi," akasema. "Mwizi ndiye nakula kwa kujificha. Ita wote."

Wakaja. Akaangua kipande kimoja, akakishika juu wakione. "Leo mimi Hiribae Jatani nakula samaki. Mtu akiuliza nyinyi, sema. Sema kwa sauti."

Akatafuna. Alikuwa amejiandaa kwa ladha ya matope na uvundo, amekaza uso kama anayemeza dawa. Haikuwa hivyo. Ilikuwa nyama. Ilikuwa, Mungu amsamehe, karibu sawa na paja la ndama. Jambo hilo lilimghadhibisha kuliko njaa. Miaka arobaini ya kubana pua! Akala kipande cha pili kwa hasira, na cha tatu kwa njaa, akainuka, akamsimamisha mbuzi mweusi kwa miguu minne.

Siku ya kumi na mbili wakaiona Ngazija. Mteja wa Warsame alisimama gatini na karani wake, wakawahesabu mbuzi wakishuka. Karani alifika hamsini na tisa, akaweka kalamu. Hiribae akashuka wa mwisho, mbuzi mweusi mabegani. "Sitini," akasema, akamtua chini. Mbuzi akatembea mwenyewe.

Warsame alikuwa mtu wa neno lake. Hiribae aliingia zizini Garsen akachagua mitamba wawili, mmoja mweusi, na mmoja wa rangi ya kijivu inayong'aa tumboni, mwenye mimba changa. Akawafunga kwa kamba ya ngozi, akaenda nao kwa miguu mpaka Minjila. Bishara aliwaona kwa mbali. Akatoka, akawashika migongo, akawatazama meno. Hapo ndipo mumewe akamwambia, kabla hajavuka mlango: "Nimekula samaki. Siku nne."

Bishara akamwacha mtamba, akamgeukia. "Alikuwa na chumvi?"

"Ya bahari."

"Basi ingia," akasema. Akasafisha kwa moshi chombo kimoja cha maziwa, akakitundika ukutani upande wa mume wake. Chombo amekisuka yeye kwa mikono yake, na kwa watu wale mwenye chombo ndiye mwenye kusema nani anywe.

Mzee Diba hakuona hivyo. Habari ilipomfikia, na aliyeifikisha ni Hiribae mwenyewe, akaita wanaume. Akasema shauri ni jepesi: Hiribae asukutue mdomo kwa maji mara saba mbele ya watu, aseme alishurutishwa na njaa na kwamba anajuta, mambo yaishe. Mtu mmoja mwema akajaribu kumsaidia, akakumbusha kuwa mwenye njaa hana miiko.

"Ahsante," Hiribae akamwambia, "lakini usinisemee. Sikula kwa njaa tu. Nilikuwa na kazi, na kazi ilitaka mtu mwenye nguvu za kusimama. Sijuti. Ingekuwa leo, ningekula leo."

"Basi mdomo huo usiguse chombo cha mtu yeyote hapa," Diba akasema. "Na hao mitamba wako ni ng'ombe wa samaki. Tutaona kama watatoa maziwa au maji ya chumvi."

Watu wakacheka. Hiribae akarudi nyumbani, akampa yule mtamba wa kijivu jina. Waorma huwaita ng'ombe kwa rangi zao na kwa sifa zao. Yeye alimwita Jodari.

Uliingia mwaka mgumu kwake. Alialikwa harusini akapewa maji. Watoto walibana pua akipita, kama alivyobana yeye Kulesa, na aliwaacha wabane, maana aliwajua. Ng'ombe haelemewi na nundu yake. Jodari akazaa ndama jike. Bishara akamkamua, na maziwa yakatoka meupe, mazito, asubuhi na jioni, na Hiribae akayanywa kwenye chombo chake kila siku ya Mungu. Jodari hakukauka. Watu waliona, wakanyamaza, kwa kuwa kuona ni kitu kimoja na kukiri ni kingine.

Kisha mvua zikachelewa. Ng'ombe wote wa Minjila wakapelekwa mbali upande wa Kau, kutafuta majani ya kingo za mto, hakubaki jike wa kukamuliwa ila Jodari, aliyelishwa nyasi alizokata Bishara. Na katika siku hizo hizo wakaja wazee wawili kutoka Bura, wageni wa mzee Diba, kuzungumzia njia ya mifugo na malisho ya bondeni. Mgeni wa namna hiyo huanza kwa maziwa. Asipopewa maziwa, mazungumzo hayaanzi, na aibu yake husimuliwa mpaka Hola. Diba aliwaweka wageni wake saa nzima kwa maneno matupu. Mwishowe akainuka, akawaongoza na wanaume wote wa kikao mpaka boma la Hiribae. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo; mzee wa watu alikuwa ameusahau msemo huo.

"Bishara, mwanangu," akasema mlangoni, hamtazami usoni, "tuna wageni."

Bishara akamtazama mumewe. Hiribae akatikisa kichwa kukubali. Bishara akaleta chombo, si kile cha wageni. Alileta kile cha mume wake, kimejaa mpaka mdomoni.

"Maziwa ya ng'ombe yupi?" mgeni mmoja akauliza kwa adabu, kama ilivyo desturi.

"Ya Jodari," Hiribae akajibu.

Akakipokea chombo. Hakukipeleka kwa mgeni, wala kwa Diba. Akakitia kinywani mwake mwenyewe mbele yao wote, akanywa funda tatu taratibu, akafuta midomo kwa kiganja. Kisha akamnyooshea baba yake mkubwa.

"Mdomo huu ulikula samaki, baba. Unajua, nilikwambia mwenyewe. Ukitaka kunywa, kunywa. Usipotaka, waeleze wageni kwa nini hawanywi."

Mzee Diba alikishika chombo kwa mikono miwili. Alitazama wageni. Alitazama nje, ambako Jodari alikuwa amesimama na ndama wake, amefungwa kwa kamba ya ngozi. Akanywa. Akampa mgeni wa kwanza, naye akanywa, akasema ni matamu, akampa wa pili. Chombo kikazunguka wanaume wote, kikamrudia Bishara kitupu.

Watu wakaketi. Hiribae akabaki amesimama.

"Sasa," akasema, "tuzungumze malisho ya bondeni. Mimi nitaanza."